Friza Iko Sawa, Peptidi Imekufa

Najua nimekuwa kimya kwa muda na wengine mmeshaanza kuuliza kama blogu hii imezikwa. Bado. Kuna jambo limekuwa likinikera tangu 2023, na kila nikikaa kuliandika naona haya, kwa kuwa mkono wangu mwenyewe umo. Leo nimeamua liwe liwalo. Nina ugomvi na watu wa aina tatu: wakuu wa maabara wanaopenda skrini ukutani, wafanyabiashara wanaowauzia hizo skrini, na sisi waunda programu tunaoziandikia msimbo bila hata kuuliza ndani ya friza mnawekwa nini.

Kwanza kwa wale walioachana na biolojia kidato cha nne. Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino. Zikishikana chache tunaita peptidi, zikifika mamia tunaita protini. Oksitosini, ile dawa wanayochomwa akina mama ili wasivuje damu baada ya kujifungua, ni peptidi ya asidi amino 9 tu. Insulini ina 51. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud na wenzake huko Marekani waliiunda oksitosini wenyewe maabarani, na 1955 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Halafu 1963 Bruce Merrifield akaonyesha njia ya kujenga mnyororo kama huo pete moja baada ya nyingine, mwanzo wake ukiwa umeshikizwa kwenye chembe ngumu za plastiki ili usiponyoke wakati wa kuosha. Naye akapata Nobel yake 1984. Kwa ajili ya kazi hiyo, leo mtafiti aliye Nairobi anajaza herufi 15 kwenye fomu mtandaoni, analipa, na baada ya wiki kadhaa analetewa kichupa chenye miligramu chache za unga mweupe, uliokwama kwenye kuta za kichupa kama vumbi la chaki.

Herufi 15! Mtu wa kompyuta akisikia hivyo anatabasamu. Hiyo si ni data tu? Mfuatano wa herufi, unauhifadhi mahali, ukiuhitaji unausoma, unaurudisha, haujabadilika. Na friza? Friza ni diski. Mradi diski ni nzima, faili ni nzima. Hivyo ndivyo nilivyowaza, na kwa mawazo hayo nilikula pesa za watu.

Ilikuwa 2022, miaka mitatu baada ya kumaliza digrii yangu. Maabara moja hapa Nairobi (jina silitaji, msiniulize) iliniita niwatengenezee mfumo wa kuangalia friza zao. Walikuwa na tatu za nyuzi 20 chini ya sifuri na moja kubwa ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na stima pale ilikuwa inapotea inavyotaka. Kazi yenyewe ilikuwa tamu. Kipimajoto ndani ya kila friza, kadi ndogo ya WiFi ya bei ya chakula cha mchana, vipimo vinaenda kwenye seva kila dakika, joto likipanda watu wanapata arafa kwenye rununu zao hata kama ni saa nane usiku. Na kwenye korido nikawawekea runinga kubwa yenye miraba minne ya kijani, kila mraba umeandikwa SALAMA. Wageni wakija, wafadhili hasa, walikuwa wanasimamishwa hapo kwanza kabla ya kuonyeshwa kitu kingine chochote. Mimi mwenyewe niliipiga picha nikaiweka kwenye tovuti yangu ya kutafutia kazi. Ilipendeza kweli.

Aibu ya kwanza ilikuja siku ile ile ya kufunga vifaa. Nilikuwa nimenunua vipimajoto vinne vya DS18B20, vile wanafunzi wote wa uhandisi wanavyovijua, kwa sababu ni rahisi na msimbo wake uko tayari kila mahali. Mzee wa maabara, fundi ambaye alikuwa amebakisha miaka michache astaafu, akaniuliza, “Kijana wangu, hiki kidude chako kinashuka mpaka ngapi?” Nikafungua karatasi ya mtengenezaji mbele yake. Kinashuka mpaka nyuzi 55 chini ya sifuri. Friza yao ni ya 80. Nikacheka cheko la mjinga, nikaenda kutafuta kipimajoto cha platinamu kwa ajili ya ile kubwa. Lakini kwenye karatasi hiyo hiyo kulikuwa na mstari mwingine ambao sikumsomea: usahihi wa nusu nyuzi unaahidiwa kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na nyuzi 85 juu yake. Chini ya hapo ahadi inalegea. Friza tatu zilizobaki ni za nyuzi 20 chini ya sifuri. Sikusema kitu. Na grafu yangu ilikuwa inaonyesha desimali mbili.

Sasa ndio tufike kwenye jambo lenyewe.

Pale maabarani kulikuwa na dada mmoja wa shahada ya uzamili. Alikuwa na peptidi yake moja ya asidi amino 15, aliyokuwa anaipaka kwenye vishimo vya sahani za plastiki kisha anamwagia majimaji ya damu ili aone kama kingamwili zilizomo zinaitambua. Mwanzoni mwa 2023 matokeo yalikuja mazuri. Mwezi wa nne yakaanza kufifia. Mwezi wa tano damu zile zile zilizokuwa zinang'aa vizuri zikawa hazisemi kitu. Akarudia. Akarudia tena. Msimamizi wake akanipigia simu: “Nitolee grafu ya friza namba 2 kuanzia Januari.” Nikaitoa kwa dakika mbili na nikajiona bingwa. Mstari ulikuwa umenyooka kama uliochorwa kwa rula.

Grafu hiyo ikawekwa mezani kwenye kikao chake. Uhifadhi uko sawa, ushahidi huu hapa, basi mikono yako ndiyo mibaya. Akaambiwa aanze upya, na muhula mzima ukaenda hivyo, na karo ya muhula huo aliilipa mwenyewe. Mimi sikuwepo. Alinisimulia baadaye kwenye kantini, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. “Kaka, mimi nilijua unga ule hauko sawa. Lakini ningeshindana vipi na runinga?”

Baadaye peptidi iliyosalia ilipelekwa kupimwa uzito wa molekuli zake kwenye mashine inayotofautisha hata uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Sehemu kubwa ilikuwa imeongezeka uzito kwa daltoni 16. Hiyo ni atomu moja ya oksijeni. Kwenye mnyororo wake kulikuwa na methionini, asidi amino yenye salfa ambayo hushika oksijeni kama vile chuma kinavyoshika kutu. Sehemu nyingine ilikuwa na uzito karibu mara mbili: minyororo miwili imeshikana mkono kwa mkono kupitia sisteini, ambayo nayo ina salfa. Kwa ufupi, kilichokuwa ndani ya kichupa hakikuwa tena kile alichonunua. Na friza? Friza ilikuwa baridi siku zote. Grafu yangu haikudanganya hata siku moja, ila ilikuwa inajibu swali ambalo hakuna aliyepaswa kuliuliza peke yake.

Nikamwomba Mzee anionyeshe kichupa kinaishije. Nilimfuata siku nzima na kijidaftari, na nawaambia, siku hiyo ilinifundisha kuliko muhula wowote wa chuo.

Mmewahi kutoa chupa ya soda kwa friji mkaiweka mezani Mombasa? Baada ya dakika mbili inatoka jasho. Maji yale hayajatoka kwenye soda, ni ya hewani, yameona mahali pa baridi yakaganda hapo. Sasa chukua kichupa cha peptidi kilichotoka nyuzi 20 chini ya sifuri, kifungue papo hapo kwa sababu una haraka. Jasho lile lile linatua ndani, juu ya unga. Na unga huu unapenda maji kupita kiasi. Ulikaushwa kwa kugandishwa na kunyonywa maji yote ndipo ukawa wa kudumu. Ukiurudishia maji umeurudishia uwezo wa kuharibika. Ndio maana unatakiwa kukitoa kichupa, ukiweke kikiwa kimefungwa ndani ya mtungi wa kukaushia wenye silika, usubiri kifikie joto la chumba, ukizungushe kidogo kwenye mashine ili unga ushuke chini, ndipo ukifungue. Nusu saa au zaidi ya kusubiri. Je, kuna mahali popote kwenye mfumo wangu nusu saa hiyo ilikuwa inaonekana? Hakuna. Kwa upande wa mfumo wangu, kichupa kikishatoka mlangoni hakipo duniani.

Na kilitoka mara ngapi? Mzee alinionyesha daftari la yule dada, kwa ruhusa yake. Hakufundishwa na mtu kugawa. Alikiyeyusha kichupa chote mara moja, akakiweka kwenye tyubu moja, na kila Jumatatu anaitoa, inayeyuka, anachota kidogo, anairudisha igande. Wiki baada ya wiki. Peptidi kavu kwenye friza inaweza kukaa miaka. Ikishayeyushwa kwenye maji umri wake unahesabiwa kwa siku au wiki, na kila kugandishwa na kuyeyushwa kunaipunguza. Unagawa siku ile ile ya kwanza kwenye tyubu ndogo ndogo, kila moja ya matumizi ya mara moja, ukishaifungua iliyobaki unatupa. Inauma kutupa kitu cha pesa nyingi, najua. Lakini kutunza tyubu moja kwa miezi mitano ndiko kulikomgharimu zaidi.

Tena aliyeyusha kwa DMSO kwa sababu rafiki yake wa meza ya pili alitumia DMSO. Ya rafiki ilikuwa peptidi inayochukia maji, na hapo DMSO kidogo inasaidia kweli kabla ya kuongeza maji. Yake ilikuwa na methionini na sisteini, na kwa hizo DMSO ni ya kuepukwa kwa kuwa yenyewe inachochea ile kutu. Zenye lisini na arginini nyingi unajaribu asidi hafifu ya siki, zenye aspatati na glutamati nyingi unajaribu alkali hafifu. Yote hayo yanasomeka kwenye zile herufi 15! Programu ya mistari 40 ingeweza kuzisoma siku ya kupokea mzigo na kuonya: hii ina salfa, isikutane na hewa wala DMSO, hii ina asparajini ikifuatwa na glisini, ikishakuwa kwenye maji itaanza kugeuka na kuongezeka karibu daltoni 1, hii inaanza na glutamini, itajikunja mwanzoni. Hiyo ndiyo kazi ambayo kompyuta ingefanya vizuri. Mimi nilikuwa busy kuchagua rangi ya kijani.

Halafu kuna friza yenyewe. Namba 2 ilikuwa friza ya nyumbani, ile inayojiyeyushia barafu ili usihangaike kukwangua. Inafanyaje? Kila baada ya saa kadhaa inawasha hita ndani yake. Nyama yako haijali. Lakini tyubu ndogo yenye tone la maji, imewekwa karibu na ukuta, inapanda na kushuka kila siku bila mtu kuigusa. Ndio maana miongozo ya watengenezaji wa peptidi inasema wazi usizitumie friza za aina hiyo. Na mimi, kipimajoto changu kilikuwa kinaona! Vipimo vya kila dakika vilikuwa na meno kama ya msumeno. Ila wiki ya pili baada ya kufunga mfumo watu walilalamika kwamba arafa zinawaamsha bure, nami nikaongeza mstari mmoja wa msimbo: chora wastani wa saa nzima. Meno yote yakapotea. Mteja akafurahi. Ule mstari ulionyooka kama rula uliowekwa mezani kwenye kikao, niliunyoosha mimi.

Najua kuna watakaosema nazidisha. Stima ikipotea wikendi nzima utafurahi una arafa, si ndio? Ndio, nakubali kabisa. Kwenye friza ya nyuzi 80 mna sampuli za watu walizotoa miaka iliyopita na haziwezi kutolewa tena, mna seli, mna vimeng'enya. Huko kipimajoto na arafa ni lazima, na jenereta pia. Sijasema ving'olewe. Lakini tuwe wakweli kuhusu peptidi kavu. Mnajua inafikaje hapa kutoka ng'ambo? Mara nyingi kwenye bahasha ya kawaida, bila barafu, siku kadhaa ndani ya ndege na bohari, na muuzaji hana wasiwasi kwa kuwa peptidi kavu nyingi, zikiwa zimefungwa vizuri, zinavumilia safari kama hiyo. Halafu ikishafika tunaiwekea king'ora kinachopiga kelele ikifika nyuzi 15 chini ya sifuri, ilhali siku ya kufunguliwa, ambayo ndiyo siku ya hatari yenyewe, hatuandiki hata tarehe!

Kuna jingine ambalo hakuna kipimajoto kitakachokuambia. Kwenye cheti cha muuzaji kuna namba ya usafi, mathalani asilimia 95. Watu wengi wanadhani maana yake kwenye miligramu 1 ya unga mna miligramu 0.95 za peptidi yao. Sivyo. Usafi unalinganisha peptidi yako na peptidi nyingine zilizokosewa wakati wa kuunda. Hausemi chochote kuhusu maji na chumvi, hasa chumvi ya TFA inayobaki kutokana na usafishaji. Kiasi halisi cha peptidi ndani ya unga ni namba nyingine, na kwa kawaida kiko chini zaidi; kikiwa asilimia 70, ule mchanganyiko ulioandika kuwa ni wa kiwango 1 ni wa 0.7. Ukinunua mzigo wa pili wenye asilimia 85 matokeo yako yanaruka na unaanza kutafuta mchawi. Na hapo tena, namba hiyo ilikaa wapi pale maabarani? Kwenye karatasi iliyotupwa na boksi. Hifadhidata yangu ilikuwa na vipimo vya joto zaidi ya milioni mbili na haikuwa na sehemu hata moja ya kuandika hiyo asilimia.

(Kwa mabano: kuna jamaa wawili wameniandikia wakitaka niwaundie kikokotoo cha kuchanganyia vile vichupa vya “utafiti” vinavyouzwa kwenye mitandao ya kijamii, ambavyo watu wanajidunga ili wapunguze tumbo au wapone goti. Jibu ni hapana. Kichupa kilichoandikwa si cha binadamu, ambacho hujui kilifunguliwa mara ngapi wala ndani mna kiasi gani, kikokotoo changu kitakupa desimali mbili za uongo. Ninazijua hizo desimali.)

Wala hili si jambo ambalo dunia ilikuwa hailijui. Mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki ameona, hata kama hakuambiwa, kile kidoa kilichobandikwa kwenye chupa ya chanjo: duara lenye mraba ndani yake. Mraba huanza mweupe na kuendelea kuwa mweusi kadiri chupa hiyo inavyokutana na joto. Ukishafanana na duara, nesi anatupa. Vilianza kubandikwa kwenye chanjo ya matone ya polio mwaka 1996. Chanjo si peptidi, najua, lakini angalieni akili iliyotumika: hawakuuliza friji imelalaje, kila chupa ilibebeshwa historia yake yenyewe. Nesi wa zahanati ana habari za chupa yake kuliko profesa alivyo na habari za kichupa chake, na zahanati hiyo haina runinga kwenye korido.

Na msidhani mambo haya yanaishia kwenye tasnifu ya mtu. Ile oksitosini ya mwanzoni, mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA ilibidi watoe tamko la pamoja kusisitiza kwamba ihifadhiwe kwenye nyuzi 2 mpaka 8, maana ilikuwa ikiachwa nje na nguvu zake zinapungua, na anayelipa ni mama anayevuja damu. Mwaka uliotangulia kulichapishwa matokeo ya majaribio makubwa ya karbetosini, binamu yake inayovumilia joto, kwa karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo. Wakemia walibadilisha mnyororo wenyewe, wakaondoa lile daraja la salfa mbili. Wao walianza na molekuli. Sisi tunaanza na runinga.

Kwa nini basi skrini zinanunuliwa na daftari la vichupa halinunuliwi? Nimeuza vyote viwili, nawapa jibu. Skrini haimsumbui mtu. Inafungwa mara moja, inajipima yenyewe, haimuulizi mkuu wa maabara swali lolote, na inapigwa picha vizuri kwenye ripoti ya mfadhili. Daftari la vichupa linamtaka kila anayefungua mlango aandike: kichupa gani, nimekisubirisha muda gani, nimekifungua au nimechukua tyubu, imebaki ngapi. Mwishoni mwa 2023 niliwaandikia programu ya namna hiyo bila malipo, kwa kujitakasa. Lebo yenye kodi ya mraba isiyobanduka kwenye baridi, unaipiga picha kwa simu, unabonyeza mara mbili. Kila kichupa kina ukurasa wake wenye zile herufi, maonyo yake, asilimia halisi ya peptidi, na hesabu ya kufunguliwa. Tyubu iliyokwishayeyushwa ikirudishwa friza inaandikwa kwa rangi nyekundu, na hakuna namna ya kuifuta.

Walioitumia tangu siku ya kwanza ni yule dada na Mzee. Wengine waliniambia inawachelewesha. Mmoja akasema wazi hataki programu inayomwandikia makosa yake, maana ikifika kikao kama kile atashikwa. Namwelewa! Lakini mwenzake alishikwa kwa grafu isiyojua lolote juu ya kichupa chake, na siku ile hakuna aliyelalamika kwamba mfumo unaonea watu. Kama ingekuwepo hesabu ya kufunguliwa, kikao kingeona kwa dakika moja kwamba hapakuwa na uzembe wa mikono, kulikuwa na mtu ambaye hakuelekezwa kugawa, na hapo swali lingemgeukia aliyepaswa kumwelekeza. Nadhani hilo ndilo lililowaogopesha zaidi ya dakika mbili za kubonyeza simu.

Waunda programu wenzangu, msinijibu kwamba mteja ndiye aliyetaka hivyo. Mimi pia nilisema hivyo. Mteja alitaka kujua peptidi zake ni nzima. Mimi nikampimia hewa ya friza kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kupimika, kisha nikaandika juu yake neno ambalo sikuwa na haki ya kuliandika. Ulipojenga mfumo wako wa “mnyororo wa baridi”, uliwahi kukaa na mwenye kuchota siku nzima? Ulifungua kichupa hata kimoja?

Yule dada alinunua peptidi mpya, methionini ikabadilishwa na asidi amino inayofanana nayo lakini isiyo na salfa, akagawa tyubu 40 siku ya kwanza, akazifunga kwenye mfuko wenye silika na kuziweka kwenye friza ya nyuzi 80. Alihitimu mwaka mmoja baada ya wenzake. Namba 2 sasa inahifadhi barafu ya kubebea sampuli, kazi inayoiweza.

Mimi nimefanya mabadiliko mawili kwenye mfumo wa korido. Nimeutoa ule wastani wa saa, kwa hiyo meno ya msumeno yanaonekana. Na nimeliondoa neno SALAMA. Mraba sasa unasema “hewa ya friza” na namba, bila desimali. Juma lililofuata msimamizi alinipigia simu, wageni wanakuja Alhamisi, niwarudishie kijani. Nikamwambia kijani kinaweza kurudi kwenye ukurasa wa kila kichupa, kikiwa na lebo na hesabu yake, na nikampa bei ya lebo. Bado nasubiri jibu.